Nani Alifika wa Mwisho

Kwenye mkutano wa matanga ya Mwalimu Syokau, ndani ya kanisa la mabati pale Kisumu Ndogo, Kibera, mzee aliyekuwa akiongoza alisimama akasema kwamba marehemu hakuwahi kuchelewa hata siku moja maishani mwake. Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wana vitambi na watoto, walicheka huku macho yamewalowa, wakikumbuka lango lililofungwa saa moja kamili asubuhi. Mabenchi mawili mbele yangu, Baba Kioko, seremala, ambaye nywele zake zimekuwa nyeupe zote, aligeuka polepole akanitafuta kwa macho. Tulitazamana kidogo. Kisha akarudisha uso mbele, akasema "Ni kweli kabisa" kwa sauti iliyozidi ya wote. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, na badala ya kusikiliza hotuba zilizofuata nilijikuta nimerudi katika ule mwaka niliofanya kazi ya kupokea simu.

Sitaeleza nilitoka wapi wala nani alinisomesha. Hayo hayana uzito hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa na cheti cha kompyuta chenye muhuri mwekundu, na nilikuwa najiona. Ofisi yetu ilikuwa Riruta Satellite, juu ya bucha, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao nyembamba, na upande wa pili wa mbao kulikuwa na saluni. Bosi alinunua kompyuta zilizochoka kutoka maofisi ya mjini, akazifufua, akaziuza kwa bei nafuu kwa shule ndogo, makanisa na vikundi vya Kawangware na Kibera. Kila kompyuta iliondoka na karatasi iliyobandikwa ubavuni, yenye namba ya simu na maneno mawili: ukikwama, piga. Wa kupigiwa alikuwa mimi na mwenzangu Odhis, aliyenitangulia kuajiriwa kwa miezi mitatu na ambaye kwa sababu hiyo alikalia kiti chenye mgongo. Saa saba mchana mama mmoja alituletea chapati na maharagwe ndani ya ndoo ndogo, tukala simu zikiwa begani. Harufu ya supu ya mifupa ilipanda kutoka kwenye bucha, na kupitia mbao tulisikia wasichana wa saluni wakijadili waume za watu. Wao nao walitusikia sisi, na nadhani walifaidi zaidi.

Simu zenyewe zilikuwa kichekesho. Kulikuwa na Bwana Mulwa, mpiga picha za pasipoti kule Kongo ya Kawangware, ambaye kompyuta yake iliganda karibu kila siku. Nilimpa dawa ile ile tuliyowapa wote: zima kabisa, pasibaki umeme hata kidogo, hesabu hadi thelathini, halafu uwashe. Alijibu kwa utiifu, "Sawa sister, ngoja nimtafute keateka." Sikujiuliza keateka, yule mwangalizi wa ploti, anaingiaje katika habari hii. Nilisikia hatua zake zikienda, mazungumzo ya mbali, kimya, kisha kelele za watu wengi, kisha Bwana Mulwa akirudi mbio, anahema: "Imekubali!" Tukaenda hivyo miezi minne. Siku moja simu ikachukuliwa na mtu mwingine mwenye sauti nzito. "Wewe ndiye yule dada wa kuzima?" akauliza. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na alitaka kujua ni nani aliyenipa mimi, mtu wa Satellite, ruhusa ya kuzima ploti nzima ya vyumba thelathini na viwili, pamoja na mashine yake, pamoja na kinyozi aliyekuwa katikati ya kichwa cha mteja. Suichi kubwa ya ploti ilikuwa chumbani kwa keateka, na Bwana Mulwa hakuona namna nyingine ya kuhakikisha kwamba hapajabaki umeme hata kidogo.

Kulikuwa pia na Roselyne, katibu wa kanisa moja hapo hapo Satellite, niliyemwambia asubiri kidogo mashine imalize kazi yake, asiiguse. Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumatatu alipiga kuuliza, kwa heshima zote, kama muda umefika sasa, kwa sababu matangazo ya Jumapili ilibidi ayaandike kwa mkono. Kompyuta alikuwa ameifunika leso ili asije mtu akaigusa kwa bahati mbaya. Odhis alikaribia kuanguka kutoka kwenye kile kiti chake. "Manze, huyo ni wa kuwekwa kwa fremu," alisema, akamwigiza mchana kutwa, na saluni nzima ikacheka upande wa pili wa mbao. Mimi pia nilicheka. Leo naona kwamba Bwana Mulwa na Roselyne walifanya yale yale tuliyowaambia, na kwamba katika mazungumzo yale waliokuwa hawasikilizi ni sisi. Lakini hiyo ni akili ya mtu aliyekwisha kuvaa miwani ya uzee. Wakati ule nilitaka tu simu iishe nile chapati yangu ikiwa bado moto.

Mwalimu Syokau alinifikia kwa simu mwezi wa kwanza wa mwaka ule. Alikuwa mkuu wa shule ya msingi ya jumuiya, vyumba vinane vya mabati pale Kisumu Ndogo, na alikuwa na desturi ya kuniuliza kwanza nimeamkaje na kama nimekunywa chai, kisha kusubiri jibu la kweli. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa bado upo siku hizo, na watahiniwa walianza kusajiliwa kwa mtandao. Shule yake ilitakiwa ifungue akaunti. Nilimtajia hatua moja moja, na kwa upande wa pili nilisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. Tulipofika kwenye neno la siri akanisimamisha. "Hii paswadi ni kitu gani hasa?" Nilikuwa na jibu langu tayari, nililolitumia kwa kila mtu. "Ni kama ufunguo wa sanduku, Mwalimu. Unaweka mahali salama, humpi mtu mwingine yeyote, hata mimi nikikuuliza usinipe." Kalamu ikakwaruza tena. "Kama ufunguo wa sanduku letu la shule?" Nikasema ndiyo, kama ufunguo wa sanduku la shule. Akaniambia asante sana, sasa ameelewa, wataifungua kesho yake asubuhi na kamati. Niliandika kwenye daftari la simu kwamba mteja amehudumiwa.

Wiki sita baadaye, Ijumaa ya mwisho ya usajili, akapiga tena. Aliniuliza kuhusu chai, nikamjibu, ndipo akasema, "Hii kitu imetukataa. Inasema paswadi si yenyewe, na tumebaki na kujaribu mara nne."

"Nisomee ulichoandika, Mwalimu."

"Mimi najua yangu tu."

"Yako tu vipi?"

"Yangu. Ya Mama Atieno anaijua Mama Atieno, na ya Baba Kioko anaijua Baba Kioko. Si ulisema ni kama sanduku letu?"

Ikabidi nielezwe sanduku lao. Lilikuwa la bati, lenye muhuri wa shule na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na lilikuwa na makufuli matatu. Ufunguo mmoja ulikaa kwa mwalimu mkuu, mmoja kwa Baba Kioko, mwenyekiti wa wazazi, na mmoja kwa Mama Atieno, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, njiani na kuwapikia watoto uji. Hakuna aliyeweza kulifungua bila wenzake wawili, na ndivyo vikundi vingi vya Kibera vilivyolinda vitu vyao. Basi na neno la siri walilifanya vivyo hivyo. Kila mmoja alitunga kipande chake kichwani mwake, akakiandika wengine wakiwa wameipa mgongo mashine, na hakukitamka kwa mtu. Nikaomba nipewe Mama Atieno kwenye simu.

"Mama, nakuomba uniambie kipande chako."

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi dada wa ofisi ya kompyuta."

"Dada wa ofisi alisema hata yeye tusimwambie."

"Ni mimi mwenyewe niliyesema, mama."

"Ndiyo maana sikuambii."

Odhis alikuwa akisikiliza na amelala juu ya meza kwa kicheko. Nilimwonyesha tarehe ukutani, akaketi sawasawa. Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi na moja jioni. Wakikosea mara tano akaunti ingefungwa, na kupata neno jipya kulihitaji barua ya ofisi ya elimu na siku saba. Watoto kumi na wanne wangekaa mwaka mzima bila mtihani, na kwa baadhi yao mwaka huo ungekuwa mwisho wa shule, kwa sababu wazazi wao walikuwa wamekwisha kusema hawana nguvu ya mwaka mwingine. Nilimwambia Mwalimu wasiguse chochote, nakuja.

Niliwakuta katika ofisi ya shule, chumba cha hatua nne kwa tano, dirisha la nyavu, kompyuta yetu ikiwa juu ya dawati lililotengenezwa na Baba Kioko mwenyewe. Nje ya mlango walisimama wazazi kama kumi hivi, wengine na aproni za kazi, wamekuja kuona majina ya watoto wao yakiingia. Karibu na lango mama mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwamba huyu Mwalimu asubuhi amemfungia nje kijana wake kwa dakika mbili tu. "Na yeye ana haki, kwani yeye umewahi kumwona amechelewa?" mwenzake akajibu. Nilitaka tuanze mara moja, lakini hawakukubali. Mama Atieno alinipa sahani ya ugali na omena iliyokaangwa na nyanya, akasimama mbele yangu mpaka nikaimaliza. "Mtu mwenye njaa ataandika nini?" alisema. Nilikula haraka huku nikiangalia saa, na nakiri kwamba sijala omena tamu namna ile tena.

Kisha wakanionyesha walivyofanya asubuhi, bila kubonyeza kitufe cha kuingia. Mwalimu aliketi akaandika kipande chake, akainuka akatazama ukuta. Mama Atieno akafuata, halafu Baba Kioko. Walifanya kwa taratibu kubwa, na mimi pia niliambiwa nigeuke. Nikiwa nimetazama mabati nikaelewa tatizo, na nikaona haya kwa niaba ya ule mfano wangu wa ufunguo. Makufuli matatu hayajali lipi linafunguliwa kwanza. Anayefika anafungua lake anakaa pembeni. Lakini neno la siri lina mwanzo na mwisho, na wao waliliandika siku ile kila mtu kadiri alivyofika.

"Sasa tukumbuke tu," nikasema. "Siku ile ya kwanza, nani aliandika kwanza?"

"Mimi," Mwalimu akasema bila kusita. "Niliwaambia wazazi kwenye mkutano. Tulifungua saa moja, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza." Wazazi mlangoni wakatikisa vichwa kukubali.

Baba Kioko alijikuna shingo. "Mwalimu alikuwa wa kwanza. Mimi wa pili. Mama Atieno alikuja mwisho."

"Nilikuwa na uji kwa moto," Mama Atieno akasema. "Mwisho ni mimi."

Wakaandika kwa mpangilio huo. Ikakataa. Yalibaki majaribio matatu.

Mwalimu alivua miwani akaipangusa kwa kitambaa. Akasema labda aliingia kwanza lakini akatoka kidogo kupiga kengele, pengine mwenzake mmoja akatangulia kuandika. Baba Kioko akadaka maneno hayo haraka: ndiyo, ni yeye aliyetangulia, Mwalimu akafuata, Mama Atieno bado akawa wa mwisho. Ikakataa. Basi Mama Atieno akasema amejisingizia bure, yeye ndiye aliyeanza, akafuata Mwalimu, na aliyechelewa ni Baba Kioko. "Sasa nimekumbuka," Baba Kioko akasema, akijipiga paji la uso. "Nilikuwa na kabati ya watu. Mimi ndiye nilichelewa. Nisameheni." Nilishangaa kuona watu wawili wazima wakigombania aibu ya kuchelewa, na nikaliweka hilo pamoja na vichekesho vya kumpelekea Odhis. Waliandika. Ikakataa. Lilibaki jaribio moja, na saa yangu ilisema saa kumi kasoro dakika tano.

Nikachukua karatasi nikaandika mipangilio yote inayowezekana kwa watu watatu. Ni sita. Nikafuta minne tuliyoitumia. Nilifanya hivyo kwa utulivu, maana hesabu haikunihusu, na nikaisoma kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari. "Imebaki miwili," nikasema. "Na katika yote miwili, Mwalimu ni wa mwisho."

Mama mmoja mlangoni aliangua kicheko kifupi, akidhani nimekosea. Baba Kioko alitazama mikono yake. Mama Atieno aliinua sahani yangu iliyokwisha kuwa tupu akaanza kuipangusa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu hawa wawili walikuwa wanajua tangu asubuhi, na hasira ikanipanda, hasira ya kweli. Walikuwa wamechoma majaribio manne na karibu wachome mwaka wa watoto kumi na wanne, ili tu mtu asitajwe mbele ya wazazi kwamba alichelewa. Hata leo sijaamua kama ilikuwa heshima au ujinga. Siku zingine naona ni heshima.

Mwalimu Syokau angeweza kuwaomba wazazi watoke. Nilimwona akiutazama mlango, na nadhani aliliwaza hilo. Badala yake aliinuka, akasimama kama asimamavyo mbele ya darasa, akaikunja leso yake mara mbili.

"Siku ile sikuwa hapa saa moja," alisema. "Nilikuja saa nne. Niliwaambia hawa wawili nilikuwa kliniki. Sikuwa kliniki. Nilikuwa Kawangware, kwa shule nyingine, naomba kazi. Walinipa. Mshahara mara tatu wa huu. Ilibaki tu niseme ndiyo." Akawageukia walio mlangoni. "Na nyinyi wazazi niliwadanganya kwa mkutano. Hakuna siku nimefunga lango bila kukumbuka."

Mtu mlangoni akasema, taratibu, "Woi, Mwalimu." Wengine walitazama chini.

"Mwalimu," Baba Kioko akasema, "yule askari wa lango kule ni wa kwetu Machakos. Alitupigia ukiwa bado umekaa kwa benchi unangoja kuitwa. Tunajua. Njoo uandike."

"Lakini kati yenu wawili nani alianza?" nikauliza, kwa maana bado tulikuwa na njia mbili na jaribio moja.

"Mimi," Mama Atieno akasema. "Halafu yeye." Baba Kioko akaitikia kwa kichwa. Hawakusita hata kidogo. Walikumbuka vizuri sana.

Tukageuka sote, wazazi pia, mpaka wale wa nje wakatazama njia. Nilisikia vidole vizito vya Mama Atieno, herufi moja baada ya nyingine, halafu vya Baba Kioko. Halafu kiti kikasogezwa, na vidole vya Mwalimu vikapita haraka, vikasimama. Kompyuta zile zilichukua muda kufikiri. Kisha akasema, "Imefunguka," kwa sauti ndogo sana, na wazazi wakapiga vigelegele hata mabati yakatetemeka.

Zilikuwa zimebaki kama dakika hamsini. Nilimsomea majina kutoka kwenye vyeti naye akaandika, kwa sababu alikataa niandike mimi. Wazazi walinyamaza, kila mmoja akisubiri la kwake, na jina lilipotajwa mwenye mtoto alivuta pumzi. Mama Atieno alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma yetu. Tulipofika jina la kumi alizungumza, bila lawama yoyote, kama anayemalizia habari iliyokatizwa.

"Siku ile hatukukungoja, Mwalimu. Tuliandika vipande vyetu mapema tukiwa tumekata tamaa. Tulisema ile nafasi ya mwisho tuiache ya mwalimu. Hatukujua kama ni wewe ama ni mwingine atakayekuja."

Mikono ya Mwalimu ilisimama juu ya vitufe. Hakugeuka.

"Ni mimi," alisema. "Haya sister, nisomee jina la kumi na moja."